Shahada ya Osmund na Usipa wa Liuli

Mimi nina haraka ya maneno, kijiji chetu kizima cha Ruanda, huku milimani, kinajua, kwa hiyo sitazungukazunguka. Barua ilifika siku ya Jumanne, mwaka ule kahawa ilipopanda bei mpaka wazee wakanunua miwani wasiyoihitaji. Ndani yake iliandikwa kwamba mume wangu Osmund amekubaliwa katika chuo cha biashara kule Nairobi. Miaka miwili. Shilingi mia tisa, nauli mbali. Jibu wanalitaka kabla ya Noeli.

Osmund alikuwa karani wa chama chetu cha kahawa. Kazi yake ilikuwa kupima magunia, kuandika majina, na kuwatangazia watu siku ya kuja kuchukua fedha zao. Alisoma kwa mapadre hadi darasa la kumi, na mwandiko wake, wacha nimsifu ninapoweza, ulikuwa mzuri kiasi kwamba watu walitunza stakabadhi zake hata baada ya kulipwa. Siku hiyo alikuja mbio kutoka ofisini, kofia mkononi, akanikuta uani nachambua maharage.

"Mama Vitalia! Wamenichukua!"

"Nani? Polisi?"

"Nairobi! Chuo! Wamenichukua chuoni!"

Nikarusha ungo, maharage yakatapakaa kila mahali, kuku wakapata sikukuu. Tulirukaruka pale uani kama wehu, binti yetu Vitalia akaanza kulia kwa kudhani tunapigana. Halafu nikauliza bei, naye akaniambia, nikaacha kuruka.

Tulikuwa na shilingi elfu moja na arobaini, za kahawa ya misimu miwili. Baba yake Osmund alikwisha fariki, kwa hiyo fedha alitutunzia Baba Mkubwa Mansuetus ndani ya sanduku lake la bati. Na fedha zile zilikuwa na kazi zake tayari. Mabati ya nyumba, kwanza. Kisha cherehani yangu mimi, ya kukanyaga kwa mguu. Nilishaiona Songea, nilishaigusa, nilishaichagulia mahali pa kukaa karibu na dirisha. Nilifurahi na nikakasirika papo hapo, na ukinibana niseme kipi kilizidi, nitasema furaha, ila kwa kiasi kidogo sana.

Kwetu Wamatengo jambo la namna hiyo haliamuliwi na watu wawili kitandani. Linapelekwa sengu. Wanaume wa ukoo wanakaa pamoja, wanakula pamoja, na vyungu vikiisha yanasemwa yaliyopo. Sisi wanawake tunaleta chakula na kukaa upande wetu, tukiulizwa tunajibu. Ila Bibi Kunigunda, mama yake Baba Mkubwa na bibi yake Osmund, yeye hajawahi kungoja kuulizwa tangu azaliwe.

Osmund akasimama na barua. Ilikuwa ya Kiingereza, akawa anaisoma na kuifasiri kipande kwa kipande, na mume wangu anapenda maneno makubwa kuliko anavyopenda nyama. Alipofika mwisho akavuta pumzi, akasema kwa sauti ya Misa kuu, "Na nikifaulu, nitapewa shahada ya biashara."

Angesema cheti, yote yangepita salama.

Neno hilo Ruanda tulikuwa tumelisikia mara moja tu. Jirani yetu Wendelin alikwenda Tanga kukata mkonge, akarudi baada ya miaka minne amevaa kanzu nyeupe, jina lake Ramadhani. Alipoulizwa kulikoni, alijibu kwa upole kwamba alitoa shahada. Mtu mwema sana, kabla na baada. Lakini pombe ya Bibi Kunigunda hakuigusa tena, na pombe ile ya ulezi watu walikuwa wakiivukia milima miwili, kwa hiyo Bibi hakusahau. Na biashara ndiyo usiseme. Siku zile wenye maduka kule Mbinga walikuwa Waarabu, Wahindi na watu wa pwani. Shahada, tena ya biashara! Kwa Bibi hapakuwa na la kuuliza.

"Mjukuu wangu anakwenda kusilimu!" akapiga ukelele, mikono kichwani. "Tena kwa shilingi mia tisa! Wendelin hawakumtoza hata senti!"

Weee! Wazee walicheka mpaka mmoja akapaliwa na pombe. Osmund akawa anapaza sauti, "Bibi, ni karatasi tu! Shahada ni karatasi!" Ndipo akaharibu kabisa.

"Karatasi?" Bibi akageuka, machozi yamekauka ghafla. "Mia tisa kwa karatasi? Basi heri usilimu, angalau utapata kanzu."

Baba Mkubwa Mansuetus akakohoa mara mbili. Yeye ni mtu wa maneno machache, na akikohoa mara mbili hata watoto hunyamaza. Akasema ana maswali mawili tu. La kwanza, fedha hii ikienda, itarudi? La pili, mwezi wa tatu, nani atalaza majani?

Hilo la pili linataka uione milima yetu. Mashamba yetu ni ngoro, yaani mashimo yaliyopangwa mteremko mzima ili mvua isiondoke na udongo. Mwanamume anafyeka majani na kuyalaza kwa mistari inayokatana. Mwanamke anakuja na jembe, anayafukia kwa udongo, na katikati ya mistari linabaki shimo. Majani ya mume, udongo wa mke, ndivyo tulivyowakuta wakubwa wetu wakifanya. Sasa mume akiwa Nairobi miaka miwili, mimi udongo wangu nautupia juu ya nini?

La majani Osmund akaliruka. La fedha alijaribu. "Baba Mkubwa, yuko mtu Liuli, kule ziwani, anaitwa Bartholomayo. Tunaandikiana barua. Alisoma chuo kile kile. Naweza kumwandikia nikamwuliza kama ilimfaa."

Hapo nikashindwa kukaa kimya. "Mtu akiulizwa kwa barua kama alipoteza fedha zake, atakubali? Thubutu! Nitakwenda mwenyewe nikamtazame. Na asiambiwe mimi ni mke wa nani."

Upande wa wanaume kukawa na minong'ono. Baba Mkubwa akaituliza kwa mkono. "Mwanangu, nusu ya fedha hii ni jasho lako," akasema. "Nenda. Utakayoyaona njoo uyaseme hapa, na sisi tutafuata hayo."

Jamani! Usiku ule sikulala. Sijawahi kupewa jambo zito namna ile, maana kabla ya hapo nilikuwa naulizwa kama chumvi imetosha.

Niliondoka na jirani yangu Gertruda, kila mmoja na maharage kichwani, kama wanawake wengine wanaokwenda kubadilishana na samaki. Tukalala Kingerikiti kwa shangazi yake Gertruda. Kesho yake tukachapa mguu kuteremka, joto likizidi kila hatua, mpaka ziwa likajitokeza lote kwa mara moja, la buluu, halina mwisho. Nilipiga kigelegele peke yangu njiani. Gertruda akaniambia nitulie, watu watafikiri nimeletwa kuolewa.

Liuli tuliuliza nyumba ya Bwana Bartholomayo, tukaonyeshwa. Nikasimama. Nyumba ya nyasi! Mtu wa Nairobi, mtu wa shahada, paa la nyasi kama langu, tena langu limenyooka kuliko lake. Mabati yangu na cherehani yangu nikaona vinarudi kwangu mbio, na nasema kweli, niliumia. Ndipo nilipojua kwamba nilikuwa nataka Osmund aende.

Bartholomayo mwenyewe alikuwa mtu mfupi, penseli nyuma ya sikio, amekaa barazani katikati ya makapu ya usipa mkavu, wale samaki wadogo wa ziwani ambao bila wao mtu wa milimani hajala.

"Karibuni, dada zangu. Mnauza maharage?"

"Tunauza," nikasema, "na mimi naulizauliza. Nasikia ulisoma biashara Nairobi."

"Nilisoma."

"Kwa fedha ya nani?"

"Baba yangu aliuza mtumbwi na nyavu mbili."

"Na fedha imerudi?"

Gertruda akanikanyaga mguu. Lakini yule bwana alicheka tu. "Bado. Nusu imerudi. Tuseme nusu na kidogo."

Nilimpenda pale pale kwa kutonidanganya. Lakini nusu! "Basi walikufundisha nini hasa?" nikamwuliza, na sauti yangu haikuwa ya adabu sana.

Akaingia ndani akatoka na daftari. "Zamani," akasema, "tukivua usipa mwingi, tuliuuza siku hiyo hiyo kwa bei ya kutupa, tukiogopa kuoza. Kule nilijifunza kuuliza kwanza mnunuzi ana fedha lini. Basi siku hizi tunaukausha vizuri, tunaufunga, tunangoja."

"Mnangoja nini?"

"Tarehe." Akafungua daftari akanionyesha, maana aliona macho yangu yanasoma. Iliandikwa: Ruanda, malipo ya kahawa, Jumatatu ya pili, mwezi wa kumi. "Wiki hiyo watu wa juu wana fedha mkononi na hamu ya kitoweo. Pishi ya shilingi moja inakwenda kwa shilingi mbili na hakuna anayenung'unika. Ikipita wiki mbili inarudi moja. Kwa hiyo sisi wachuuzi wa huku tunafika Jumatatu asubuhi."

Loo! Jumatatu ile mimi, Scolastika, nilinunua pishi tatu kwa shilingi sita. Tena nilimshukuru Mungu kwa sauti, Gertruda shahidi, kwamba samaki mwaka huu wamewahi kufika.

"Ni wewe!" nikasema.

"Mimi nini, dada?"

"Hapana, endelea." Nikajikaza. "Na tarehe hizo, nani anakupa?"

"Ah, hiyo ni bahati yangu," akasema kwa furaha. "Yuko karani mwema sana kule, Bwana Osmund. Mimi namwandikia salamu, naye ananijibu na tarehe zote, za Ruanda na za vijiji vya jirani. Mwandiko wa kupendeza! Hajanidai hata stempu."

Nilikaa chini, juu ya maharage yangu mwenyewe. Gertruda akaficha uso kwenye kanga, mabega yakimtetemeka. Nilitaka kulia, nilitaka kumpiga mtu, na mtu mwenyewe alikuwa mbali milimani akiandika vizuri. Halafu kicheko kikanishika. Nilicheka mpaka mbavu zikauma, kwa sababu nilikuwa nimepata jibu la Baba Mkubwa, tena jibu ambalo Osmund asingelipata kwa barua mia. Mume wangu alikuwa na tarehe ile ile. Aliiandika, akaipiga muhuri, akaigawa bure. Mwenzake akaitia mfukoni ikazaa. Tofauti ya wale wawili haikuwa akili wala mwandiko, ilikuwa miaka miwili ya Nairobi.

Nilipomwambia Bartholomayo mimi ni nani, penseli ilimwanguka. Akaomba radhi, akasema biashara ndivyo ilivyo, akanifungia pishi mbili za usipa bila malipo. Nilizichukua, kwa nini nisizichukue?

Kurudi sikutembea, nilipaa. Gertruda alilalamika njia nzima. Nilimkuta Osmund uani, nikamwita kabla hata ya kutua mzigo.

"Baba Vitalia. Tarehe za malipo unampa nani?"

"Mtu yeyote akiuliza kwa adabu."

"Bure?"

"Mama Vitalia, ni tarehe tu."

"Ni tarehe tu!" Nikamweleza yote, na sikumpunguzia hata nukta. Alianza kwa kutabasamu, tabasamu likaondoka, akaokota kijiti akaandika mavumbini. Nyumba mia mbili, pishi tatu kila nyumba, shilingi moja juu ya kila pishi. Mia sita. Shilingi mia sita zilizoteremka kwenda ziwani kwa wiki moja, kwa njia aliyoifungua yeye. Akakitupa kile kijiti. "Mimi ni mjinga," akasema, taratibu kabisa, na hapo hasira yangu yote ikaniishia. Nilimwambia si mjinga, ni mtu ambaye hajafundishwa, na dawa ya hilo ilikuwa mia tisa na nauli.

Sengu ilijaa Jumapili hiyo. Hata Wendelin, yaani Ramadhani, alikuja kusikiliza. Nilipoitwa niliruka kusimama, kwa hamu ya kusema.

"Shikamooni, wazee wangu. Baba Mkubwa, uliuliza kama fedha itarudi. Ya Bartholomayo inarudi, nimeona kwa macho yangu, na wanaoirudisha ni sisi! Kila aliyenunua usipa siku ya malipo hapa amemlipia ada mtu wa Liuli. Mimi nimelipa shilingi tatu. Wewe Baba Mkubwa ulinunua ngapi?"

"Pishi tano," akasema, na uso wake ukabadilika.

"Basi tunalipa ada ya mtu kila mwaka, pishi kwa pishi, na mtu mwenyewe si wetu. Kama ni lazima nilipe, nataka nilipe ya mume wangu."

Makelele! Kila mtu akawa anahesabu pishi zake, wengine wakageuka kumtazama Osmund, naye akatazama chini. Baba Mkubwa akakohoa mara mbili.

"Hilo nimelisikia," akasema. "Bado majani."

"Nitayalaza mimi."

Hapo wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, lakini walicheka. Mmoja akasema mistari ya mwanamke itakwenda kama njia ya mbuzi. Mwingine akasema mvua ya kwanza itapeleka shamba langu mpaka kwa Bartholomayo, naye ataliuza. Masikio yalinichoma. Nilikuwa nimefungua kinywa, na kilichokuwa kinatoka hakikuwa kizuri, Bibi Kunigunda akanitangulia.

"Nyamazeni nyote!" Alikuwa amesimama, jambo ambalo hakulifanya siku hizo bila kushikwa mkono. "Mjerumani na Mwingereza walipopigana, wanaume wa milima hii walichukuliwa wote kubeba mizigo. Misimu miwili. Nyinyi mlikula nini? Mlidhani mahindi yaliota kanisani? Nililaza mimi. Wewe Mansuetus ulikuwa unanishikia kibuyu cha maji. Umesahau?"

Baba Mkubwa, mtu mzima na mvi zake, akainamisha kichwa. "Sijasahau, Mama."

"Basi nitamfundisha. Na mistari yangu haikuwa ya mbuzi." Akakaa, kisha akakumbuka jambo. "Ila hiyo shahada muiite cheti. Nikienda Misa nikaulizwa, nataka kujibu bila kueleza sana."

Sanduku la bati likaletwa. Baba Mkubwa alihesabu mia tisa, akahesabu mia moja ya nauli na blanketi, ikabaki arobaini chini ya sanduku. Hakumpa Osmund. Alinipa mimi, mikono miwili, mbele ya watu wote, na mimi ndiye niliyempa Osmund. Akazihesabu upya, karani ni karani. Wanawake wakapiga vigelegele, na nadhani pombe ya Bibi iliisha yote siku ile.

Aliondoka mwezi wa kwanza, juu ya lori lililopeleka kahawa Songea. Alivaa koti la Baba Mkubwa, mabega yakiwa yamemzidi. Nataka niseme ukweli, maana nimeahidi kutozunguka. Lori lilipowashwa moto nilitaka kumwambia ashuke. Mabati, cherehani, Bartholomayo, vyote nikavisahau, nikaona tu shingo yake nyembamba ndani ya koti lile na miaka miwili mbele yake. Nilishika ubao wa lori. Akaniambia, "Mama Vitalia, useme kama nisiende." Nikamwambia, "Nenda, kabla sijakudai riba." Watu wakacheka, lori likaondoka.

Siku zilizofuata zilikuwa ndefu. Nilijiuliza kila siku kama nimenunua kitu au nimetupa kitu. Nilikuwa najibu watu kwa ukali njiani, hata Gertruda akanikwepa wiki nzima. Wapo waliokuja kunihesabia, eti kwa mia tisa ningepata ng'ombe kadhaa, na mimi niliwaonyesha mlango. Lakini wakiisha kuondoka nilikuwa nawahesabu wale ng'ombe mwenyewe.

Mwishoni mwa mwezi wa pili tarishi akaniletea bahasha ya Nairobi, mwandiko ule ule. Niliipasua hapo hapo njiani. Alieleza baridi, alieleza chakula, alieleza nyumba zilizopandana ghorofa juu ya ghorofa. Kisha akaandika hivi:

"Siku ya kwanza tulijaza fomu. Palikuwa na mahali pa kuandika mlipaji wa ada. Wenzangu wakaandika Serikali, au misheni, au chama. Mimi nikaandika Scolastika Kinunda, Ruanda. Karani wa chuo akaisoma mara mbili, akaniuliza hiyo ni kampuni gani. Nikamwambia ni kampuni ya kahawa, bwana, huko kusini, na mwenye kampuni ni mke wangu."

Nilicheka nikalia pamoja, barua kifuani, na yule tarishi masikini akavua kofia akanipa pole, akidhani nimefiwa.